Poda Kama Sare ya Kazi

Katika Misri ya kale wanja ulipakwa na wanaume kwa wanawake. Karne nyingi baadaye, katika Uingereza ya Malkia Victoria, mwanamke aliyepaka rangi mdomoni alidhaniwa kahaba au mwigizaji. Sinema za miaka ya 1920 zilifuta aibu hiyo, lakini uhuru wa kuchagua haukudumu. Vita vya Pili vya Dunia vilipowaita wanawake wa Marekani viwandani na jeshini, matangazo yaliigeuza rangi ya mdomo kuwa uzalendo. Kampuni ya Elizabeth Arden ilitengeneza nyekundu ya kuoana na sare za wanajeshi wa kike wa kikosi cha Marine.

Baada ya vita, mashirika ya ndege yaliligeuza tangazo kuwa kanuni. Wahudumu walifunzwa kujipodoa, wakapimwa uzito, na baadhi wakaachishwa kazi walipotimiza miaka 32.

Dar es Salaam ilipata amri ya kinyume. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulipitisha azimio dhidi ya minisketi, mawigi na krimu za kujichubua. Walioandamwa zaidi mitaani walikuwa wasichana. Huku mwanamke anaamriwa ajipambe, kule anakatazwa, na pote mwenye uso haulizwi.

Huko Marekani, madai ya wanawake yakafika mahakamani. Ann Hopkins aliiletea kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse mkataba mnono wa serikali, ila alipotaka kuwa mbia aliambiwa atembee kike, avae vito, ajipodoe. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona kwamba kumpima mfanyakazi kwa dhana hizo ni ubaguzi. Darlene Jespersen hakubahatika. Alikuwa amehudumu kwenye baa ya kasino ya Harrah's, Reno, kwa takriban miaka 20, mwajiri alipoagiza wanawake wapake poda na rangi ya mdomo. Alikataa, akapoteza kazi. Mwaka 2006 majaji 7 kati ya 11 wa mahakama ya rufaa walisema hakuleta ushahidi kwamba kanuni hiyo iliwaelemea wanawake kuliko wanaume.

Ushahidi gani tena? Vipodozi hununuliwa kwa mshahara wa mwanamke, na kujipodoa hula asubuhi yake bila malipo. Mwaka 2019 Virgin Atlantic iliwaondolea wahudumu wake sharti hilo, na ndege zikaendelea kuruka. Anayependa wanja na apake, ni haki yake. Lakini mwajiri anayedai usafi audai kwa wote. Akidai rangi kwa wanawake pekee, anawatoza kodi ya kuzaliwa wanawake, na kodi hiyo ifutwe.