Nahau za Kiingereza

Nahau za Kiingereza ni mafungu ya maneno ambayo maana yake haipatikani kwa kufasiri neno mojamoja. Aliye-"kick the bucket" hakupiga ndoo teke, amekufa. Msemo huo ni wa utani na haulingani na "kuaga dunia", hivyo haufai kabisa kutumika msibani. Maneno yake pia hayabadilishwi: ukitumia "pail", ingawa nayo ni ndoo, maana ya kifo hupotea.

Nyingi zimetoka vitabuni. "The writing on the wall", yaani dalili ya maangamizi yanayokuja, chimbuko lake ni kitabu cha Danieli, sura ya 5, mkono ulipoandika ukutani katika karamu ya mfalme Belshaza. William Shakespeare (1564–1616) aliuita wivu "green-eyed monster" katika tamthilia ya Othello.

Hazina nyingine tajiri ni ya mabaharia. Katika "three sheets to the wind", maana yake kulewa chakari, "sheet" si shuka bali ni demani, kamba ya kudhibiti tanga. Demani zikilegea, tanga hupigapiga na chombo huyumba kama mlevi. Nahodha wa jahazi wa Lamu au Unguja angeielewa picha hiyo papo hapo.

Nahau hutofautiana pia kati ya nchi na nchi. Kuficha jambo la aibu, Waingereza husema "sweep under the carpet", ilhali Wamarekani hupendelea "rug". Anayejifunza ashike msemo mzima, pamoja na mahali unapofaa.