KUTENGANA SI KUMTUNDIKA MKE



Ndugu yangu unayesoma haya ukiwa Nyashimo, Bariadi au kokote uliko, wapo dada zetu waliorudi kwa wazazi wao miaka mingi sasa. Hawajaachwa, wala hawaishi kama wake. Matumizi hayaji, mume haji. Ukimuuliza mume anasema, "Tumetengana tu." Basi tuangalie historia, tujue kutengana ni nini.

Zama za ujahili mwanamume aliweza kuapa kwamba hatamkaribia mkewe, akamweka hivyo mwaka au hata miwili. Uislamu ukaja ukakata mzizi huo. Al-Baqara aya ya 226 na 227 zimempa miezi 4 tu: arudi kwa mkewe, au aache.

Kisha zama za Khalifa Uthman (r.a.), Aqil bin Abi Talib aligombana na mkewe, Fatima bint Utba. Mke akapeleka shauri kwa Khalifa. Uthman akatuma wasuluhishi wawili, Ibn Abbas na Muawiya, mmoja kutoka kila ukoo, kama inavyoelekeza An-Nisaa aya ya 35. Ibn Abbas aliona awatenganishe, Muawiya akakataa. Walipofika, wakakuta wenyewe wameshafunga mlango wao na wamepatana!

Umeona? Ugomvi ulipewa watu wa kuusikiliza. Haukuachwa uoze.

Sasa njoo kwetu. Tanzania Bara ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nayo inawahusu Waislamu pia. Sheria hiyo inatambua amri ya mahakama ya kutengana. Wanandoa wanaondolewa wajibu wa kuishi pamoja, lakini ndoa ipo. Kwa hiyo mke hawezi kuolewa na mwingine. Mahakama inaweza kuamuru mume atoe matumizi, na inaweza kugawa mali waliyochuma pamoja. Utengano ukifika miaka 3, mahakama inaweza kuuchukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Na anayetaka talaka mahakamani, kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. BAKWATA nayo ina mabaraza hayo.

Usichanganye mambo lakini. Amri ya mahakama ya kutengana si talaka ya kisharia, haihesabiwi kuwa moja wala tatu. Ila inakutana na mafundisho yetu mahali pamoja: kutengana kuwe na utaratibu, mashahidi na haki ya mke na watoto.

Basi wewe mume, kama hasira imepanda, kaeni mbali mpoe, lakini peleka unga na ada ya shule. Wewe mzazi uliyempokea binti, usikae kimya ukihesabu ng'ombe wa mahari. Ita wazee wa pande zote mbili, mpange siku. Nawe dada, nenda barazani. Kudai haki yako si utovu wa adabu.

Wakipatana, alhamdulillah. Wakishindwa, waachane kwa wema. An-Nisaa aya ya 130 imewaahidi wote wawili wasaa wa Mwenyezi Mungu.

Allah azitengeneze nyumba zetu. Aamin. Wallahu a'lam.