Mji wa Karatasi na Msichana Aliyetoweka

Katika miaka ya 1930, Otto G. Lindberg, mwenye kampuni ya kuchora ramani iliyoitwa General Drafting, na msaidizi wake Ernest Alpers, waliandika jina la mji mahali pasipokuwa na mji. Palikuwa na njia panda ya vumbi tu, katika milima ya Catskill, jimbo la New York, si mbali na kijiji cha Roscoe. Walichukua herufi za mwanzo za majina yao mawili, O, G, L, E na A, wakazichanganya, wakapata neno Agloe. Neno hilo halina maana, wala halikukusudiwa kuwa nayo. Lilikuwa mtego.

Sababu ya mtego huo ataifahamu kila aliyewahi kutunga kitu kikaibwa. Mchoraji ramani hutaabika muda mrefu kukusanya, kulinganisha na kusahihisha, kisha huja mwingine akainakili kazi iliyokwisha na kuipiga chapa kwa jina lake. Tena mwizi huyo ni mgumu kumshika, kwa kuwa mito, vilima na barabara si mali ya mtu, na ramani mbili za kweli hazina budi kufanana. Atakachonaswa nacho ni uongo. Mji usiokuwapo ukionekana katika ramani ya pili, basi haukutoka ardhini, umetoka katika ramani ya kwanza. Wenye kazi hiyo huiita miji ya aina hii miji ya karatasi.

Ramani za General Drafting zilitolewa na kampuni ya mafuta ya Esso kwa wenye magari. Miaka ikapita, na Agloe ikaonekana katika ramani ya kampuni shindani, Rand McNally. Ikadhaniwa kuwa mwizi kanaswa. Lakini yasimuliwa kwamba Rand McNally walijibu kuwa jina hilo wamelipata kwa maofisa wa wilaya ya Delaware, na kwamba mahali penyewe pana mtu na pana biashara: katika miaka ya 1950 palijengwa duka pale njia panda, likaitwa Agloe General Store. Mwenye duka alikuwa ameitazama ramani ya Esso, akaona kuwa mahali pake pana jina, akalitundika juu ya mlango. Uongo wa karatasi ukawa kweli ya mbao na misumari, na aliyeutega mtego akaingia mwenyewe.

Kisa hiki kingebaki mzaha wa wachora ramani lau John Green asingekifanya kuwa kikomo cha riwaya yake Paper Towns, iliyotoka Oktoba 2008. Green alizaliwa Indianapolis mwaka 1977 na kukulia Orlando, Florida, na huko Orlando ndiko riwaya inakoanzia. Mwaka 2009 ilipata Tuzo ya Edgar kwa riwaya za vijana, tuzo itolewayo na waandishi wa riwaya za mafumbo wa Marekani na iliyopewa jina la Edgar Allan Poe, mshairi ambaye hadithi yake ya mwaka 1841 huhesabiwa kuwa chanzo cha hadithi za upelelezi. Waliotoa tuzo hiyo walikuwa na ujasiri kidogo. Ndani ya Paper Towns hakuna mwuaji wala mwizi wa kutafutwa, na pale siri inapofumbuka hakuna wa kutiwa pingu.

Mambo yenyewe ni haya. Quentin Jacobsen, kijana mtulivu aliye karibu kumaliza sekondari, amempenda jirani yake Margo Roth Spiegelman tangu utotoni, kwa mbali, kama watu wanavyoupenda mwezi. Walipokuwa na umri wa miaka 9 waliikuta maiti ya mwanamume chini ya mti katika bustani ya mtaa wao. Quentin alirudi nyuma, Margo akasogea mbele, na tangu siku hiyo kila mmoja akashika njia yake. Miaka 9 baadaye Margo anaingia kwa dirisha la Quentin usiku wa manane, anamchukua kuzunguka mji mzima kulipiza visasi vyake, kisha kulipokucha hayupo. Wazazi wake wamechoka naye. Amekwisha kutoroka mara kadhaa, na kila mara huacha nyuma yake vidokezo. Safari hii wanabadilisha makufuli ya nyumba. Mpelelezi wa polisi, mtu mzima aliyewaona wengi wa namna hiyo, anamweleza Quentin kwa upole kwamba msichana ana miaka 18, na mtu mzima ana haki ya kwenda zake.

Jibu hilo la mpelelezi lina historia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtoto aliyepotea Marekani alitafutwa zaidi na polisi wa mji wake tu. Mwaka 1982 ilipitishwa Sheria ya Watoto Waliopotea, iliyofungua njia ya kuandikisha habari zao katika daftari la polisi la nchi nzima. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha kushughulikia jambo hilo, na mwaka huo huo picha za watoto zikaanza kuonekana katika maboksi ya maziwa, zikiwatazama watu mezani asubuhi. Riwaya za vijana hazikukawia kuyafuata maboksi hayo. Mwaka 1990 Caroline B. Cooney alitoa The Face on the Milk Carton, ambamo msichana anaitambua katika boksi la maziwa sura yake mwenyewe ya utotoni, na kuanza kujiuliza hao anaowaita wazazi ni nani. Kwa Cooney aliyepotea hajui kuwa amepotea. Kwa Green aliyepotea ajua vyema, na amekusudia. Hana boksi la maziwa, hana kituo cha taifa. Amevuka umri kwa muda mfupi tu, na mlango wa sheria umefungwa nyuma yake sawa na mlango wa nyumbani kwao.

Anachobaki nacho Quentin ni shairi. Katika chumba cha Margo anaikuta diwani ya Walt Whitman, Leaves of Grass, na katika shairi refu liitwalo Song of Myself baadhi ya mishororo imepakwa rangi. Hapo ndipo mpenzi wa mashairi atakapokaa vizuri kitini, kwa kuwa upelelezi wote uliobaki ni upelelezi wa msomaji. Mishororo michache inahusu milango, na Quentin, baada ya kuhangaika, anang'oa mlango wa chumba chake mwenyewe na kukuta kijikaratasi chenye anwani. Anwani inampeleka kwenye maduka yaliyohamwa, yenye vumbi na panya. Mishororo mingine iliyopakwa rangi imetoka mwisho wa shairi, pale mtungaji anapousia mwili wake kwa udongo. Quentin anaganda. Anaamini sasa kwamba anatafuta maiti, na kwamba Margo amemchagua yeye awe mtu wa kuikuta.

Hofu hiyo ndiyo moyo wa riwaya, na mwalimu wake wa fasihi ndiye anayeigusa. Anamwambia, kwa ukali wa mwalimu aliyezoea wavivu, kwamba kijana huyu hasomi shairi, anaokota vipande. Shairi zima, asema, limejaa matumaini. Quentin hakuwa amelisoma lote. Alianza, akachoka, akarukia palipotiwa rangi. Ni kosa lililo karibu sana nasi. Wangapi hutoa mshororo mmoja wa malenga kuwa ushahidi barazani, na ubeti wenyewe hawajapata kuusikia hadi mwisho? Quentin hana budi kurudi mwanzo, kwa mtoto anayeuliza nyasi ni kitu gani, na kwa mtungaji anayetaka kuwa kila mtu anayemwona. Akifika mwisho, ile mishororo ya udongo haisemi tena lile iliyosema ilipokuwa peke yake.

Green hakuteua shairi hili kwa bahati. Leaves of Grass ilitoka kwa mara ya kwanza Brooklyn, Julai 1855, ikiwa na mashairi 12 tu, na penye ukurasa wa jina hapakuwa na jina la mtungaji. Palikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu, kofia kichwani, shati wazi kooni, mkono mmoja kiunoni na mwingine mfukoni. Ukiacha tangazo la hakimiliki, aliyetaka kumjua huyo ni nani ilimbidi asome, kwani jina limo ndani ya shairi la kwanza, mamia ya mishororo mbele. Shairi hilo halikuwa na anwani hata kidogo. Jina la Song of Myself lilikuja mwaka 1881. Halina vina wala mizani, na msomaji wa pwani aliyeushuhudia ugomvi uliofuata Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974 anaweza kukisia namna lilivyopokewa. Na mwisho wake ni mwaliko kwa mtafutaji: asiyempata mtungaji mahali pamoja amtafute pengine, naye yupo mahali fulani amesimama akingoja. Ni shairi la mtu aliyetoweka ndani ya kitabu chake.

Whitman mwenyewe alipata kutafuta. Desemba 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliona gazetini katika orodha ya waliojeruhiwa Fredericksburg jina la G. W. Whitmore, wa kikosi cha 51 cha New York. Nduguye George Washington Whitman alikuwa afisa katika kikosi hicho. Jina lilikosewa herufi, lakini Whitman hakungoja masahihisho. Alifunga safari siku hiyo hiyo, njiani akaibiwa fedha zake, akafika Washington na kuzunguka hospitali moja baada ya nyingine bila mafanikio, kisha akaenda hadi kambini Virginia. George alikuwa hai, ana jeraha dogo la shavuni. Lakini mtafutaji hakurudi tena kuwa alivyokuwa. Alikaa Washington, akawa akipita vitandani mwa majeruhi, akiwaandikia barua za kwenda makwao, ili ndugu walioyaona majina gazetini wajue kilichoko nyuma ya majina hayo.

Riwaya haihitaji kisa hicho ili isomeke, ila anayekijua huisoma safari ya Quentin kwa jicho jingine, kwa sababu naye anaongozwa na maandishi yaliyokosewa. Amesikia habari za miji ya karatasi, akadhani ni mitaa ya Florida iliyopimwa viwanja na kuchongwa barabara kisha ikaachwa bila nyumba. Florida inayo mingi. Ilikwisha kuonja homa ya viwanja katika miaka ya 1920, na kitabu hiki kilitoka wiki chache baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka Septemba 2008, wakati bei za nyumba za jimbo hilo zikiporomoka. Quentin anaipekua mitaa hiyo mmoja mmoja na hapati kitu. Ni pale anapokutana na habari za Agloe, na maneno machache ambayo Margo ameyaacha chini yake, ndipo anapofahamu. Siku ya mahafali yao, yeye na rafiki zake watatu wanaacha sherehe na kuendesha gari usiku na mchana, zaidi ya maili 1,000, hadi ile njia panda ya Lindberg na Alpers.

Margo yupo, anaandika ndani ya jengo bovu, nywele amezikata. Naye anakasirika. Hakutaka kupatikana, vidokezo vyake vilikuwa na shabaha ndogo kuliko walivyodhani. Kila aliyemtafuta alimtafuta Margo aliyemwandika mwenyewe: wazazi walimwandika mtukutu, shule ikamwandika malkia, Quentin akamwandika muujiza, kisha maiti. Yeye alikuwa amechoka kuwa msichana wa karatasi, na akachagua kwenda kukaa katika mji wa karatasi, ambao angalau uliwahi kupata duka.

Hapo ndipo pia udhaifu wa riwaya unapoonekana. Kwa kurasa nyingi Margo hasikiki ila kwa vidokezo, na anapopewa nafasi ya kusema, anasema kwa haraka, kama mwandishi anamwonea saa. Anayeteseka kwa kusomwa na wengine alistahili kusikilizwa zaidi na aliyemtunga. Lakini Green ana haki ya kuhesabiwa jambo moja: hakuwaozesha vijana wake. Margo anakwenda New York, Quentin anarudi kwao. Sehemu tatu za kitabu amezipa majina ya nyuzi, nyasi na chombo, ya mwisho ikiwa safari yenyewe. Na Kiswahili kinaipokea istiari hiyo bila taabu, kwani chombo chetu ni cha kutiliwa maji na ni cha kusafiria juu yake, na vyote viwili hupasuka.

Duka la Agloe lilikwisha kufungwa zamani. Mwaka 2014 jina hilo liliingizwa katika daftari la serikali ya Marekani la majina ya mahali, na mwaka huo huo Google wakaliondoa katika ramani zao. Filamu ya Paper Towns ilitoka mwaka 2015. Orlando yake na Agloe yake zilipigwa picha North Carolina.