Mawe ya Hoa Binh

Chukua jiwe la mtoni, bapa, la kujaa kiganja. Ligonge ukingoni kwa jiwe jingine hadi vibanzi viruke, ulizungushe mpaka ukingo wote uwe na makali. Ila gonga upande mmoja tu; wa pili uachie ule ulaini uliosuguliwa na maji. Hapo umepata zana ambayo wawindaji wa Kusini-Mashariki mwa Asia waliichonga, kwa namna ileile, kwa makumi ya maelfu ya miaka. Wanaakiolojia wanaiita sumatralithi, kwa jina la kisiwa cha Sumatra.

Aliyeutambua utamaduni wa wachongaji hao ni Mfaransa, Madeleine Colani, mzaliwa wa Strasbourg wa mwaka 1866. Alikwenda Indochina kufundisha, na udaktari wake aliupata akiwa amekwisha kuvuka miaka 50. Katika umri ambao wengi hutafuta kivuli cha kupumzikia, yeye alikuwa akipanda milima ya chokaa ya Hoa Binh, kaskazini mwa Vietnam, akichimba sakafu za mapango. Humo alikuta mawe yaliyochongwa yamefukiwa pamoja na mifupa ya wanyama na malundo ya magamba ya konokono, mabaki ya chakula cha vizazi na vizazi. Mwaka 1932, mkutano wa wataalamu uliofanyika Hanoi uliupa utamaduni huo jina la mkoa: Hoa Binh.

Kupewa jina hakukuleta heshima. Miaka ya 1940, Hallam Movius wa Chuo Kikuu cha Harvard alichora mstari juu ya ramani ya dunia ya kale. Magharibi mwake aliweka mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande zote mbili, kama yale ya Olduvai na Isimila kwetu Tanzania. Mashariki aliweka mawe ya kukatia yasiyo na urembo, na akaandika kuwa eneo lile lilikuwa limedumaa. Alizungumzia zama za mbali zaidi kuliko watu wa Hoa Binh, lakini dharau ile iliwafikia na wao.

Mimi naona alikosea pa kutazama. Kwenye msitu wa joto na mvua, jiwe ndilo linalodumu. Mti, kamba na ngozi huoza. Na misitu ile imejaa mianzi. Mwaka 1989 Geoffrey Pope alitoa hoja kwamba huenda jiwe lilikuwa kifaa cha kutengenezea vifaa: lilikata mwanzi, na mwanzi ukawa kisu, mkuki, mtego, chombo cha maji. Kuthibitisha ni kazi ngumu, maana ushahidi wenyewe ulikwisha kuwa udongo. Watafiti waliojaribu wenyewe wameona kwamba jiwe la kawaida kabisa linatosha kupasua mwanzi na kuufanya kisu cha kukatia nyama.

Mimea nayo ilipata bahati ya kutooza mahali pamoja. Mwaka 1966 Chester Gorman, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alichimba Pango la Mizimu, kaskazini-magharibi mwa Thailand. Badala ya kuhesabu mawe tu, alichekecha udongo kwa makini akitafuta mbegu. Akapata kokwa zenye mafuta, mabaki ya mamumunye, popoo, na mmea wa jamii ya tambuu. Msomaji wa Unguja au Mombasa anayajua mawili hayo ya mwisho bila kufungua kitabu. Gorman alidhani huenda ameona mwanzo wa kilimo. Wengi baada yake wamesema mimea ile ilichumwa mwituni. Hata hivyo, watu waliokaa katika pango lile tangu takriban miaka 12,000 iliyopita waliujua msitu mti kwa mti.

Utamaduni wenyewe ni mkongwe kuliko Colani alivyoweza kujua. Huko Xiaodong, mkoa wa Yunnan nchini China, zana za aina hii zimepimwa umri wa miaka 43,500. Na mwaka 2018 watafiti walisoma vinasaba vya watu wawili wa utamaduni huo, mmoja Pha Faen nchini Laos, wa miaka kama 8,000 iliyopita, mwingine Gua Cha nchini Malaysia, wa miaka kama 4,000. Ndugu zao wa karibu walio hai leo ni Waonge wa visiwa vya Andaman, na Wajehai ambao wangali wakiishi katika misitu ya Malaysia.