Mbinu mbili za kupiga na kuhariri picha za michezo

KASI ya mchezaji huonekana katika picha kulingana na muda ambao shata ya kamera huachwa wazi. Kwa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, mkimbiaji aendaye mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 1 tu, hivyo huonekana kama aliyesimama. Kwa sehemu 1 ya 40, husogea sentimita 25. Mpigapicha akimfuata kwa kamera kwa mwendo uleule, uso wake hubaki bayana huku mandhari ya nyuma yakigeuka michirizi.

Ndivyo Cameron Spencer alivyomnasa Usain Bolt akitabasamu katika nusu fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, mwaka 2016.

Mbinu ya pili ni kukata kingo za picha. Mabango na watu wasiohusika huondolewa, na nafasi huachwa mbele ya mchezaji, upande anakoelekea.

Hata hivyo, mkato waweza kuondoa sehemu ya habari. Picha ya washindi wa mita 200 mjini Mexico City, mwaka 1968, ikikatwa wabaki Tommie Smith na John Carlos walioinua ngumi, hutoweka Peter Norman wa Australia, mshindi wa medali ya fedha. Naye alivaa kifuani beji ileile ya kutetea haki za binadamu waliyovaa wenzake. Msomaji wa picha hiyo hatajua kwamba waliosimama pamoja walikuwa watatu.