Mabata Bukini wa Nyanza

Ukisimama alfajiri kando ya Ghuba ya Winam, penye mafunjo ya Dunga, karibu na mji wa Kisumu, huenda ukasikia sauti mbili zikijibizana juu ya maji. Moja ni kali, yenye makelele. Ya pili inakwaruza, mfano wa mtu aliyepwelewa na sauti. Ile ya kwanza ni ya jike, na hii ya dume. Hao ni bata bukini wa Misri, na habari zao ni za kale kuliko mji wenyewe, ambao ulianza kukua reli ilipofika ufukoni mwaka 1901.

Jina lao lina kisa. Bukini ndilo jina ambalo Waswahili wa zamani walikiita kisiwa cha Madagaska. Lakini ndege huyu hakutoka huko. Wagiriki walimwita bata-mbweha, na Herodoto, aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri walimhesabu kuwa ndege mtakatifu wa Mto Nili. Nawe wajua, msomaji, maji ya Nili yaanzia wapi: ziwa hili la Kisumu humwagikia Jinja, na kutoka hapo maji hushika njia ndefu ya kwenda Misri.

Dume na jike huishi pamoja mwaka hadi mwaka, nao ni wagomvi sana kwa jirani anayekaribia makao yao. Kiota huwa katika majani, au katika shimo la mti, au hata juu ya kiota kikuukuu cha fundichuma. Jike hulalia mayai yapata siku 28 hadi 30, na dume hulinda. Vifaranga wakiisha kuanguliwa mtini, mama huwaita kutoka chini, nao hujirusha mmoja mmoja, ingawa hawajaota manyoya ya kurukia. Wazazi nao hupatwa na udhaifu kila mwaka: manyoya ya mabawa hupukutika yote pamoja, wakawa hawawezi kuruka kwa majuma kadhaa. Wakati huo hawathubutu kwenda mbali na maji.

Yuko na mwenzake mkubwa zaidi, mweusi, ambaye dume lake hufikia kilo 6 na zaidi. Huyu ana kipi kama cha jogoo, ila si mguuni bali kwenye bawa, na hupigana nacho. Mahali pengine barani Afrika hula mbawakawa wenye sumu, na sumu hiyo hukaa katika nyama yake ikaweza kumdhuru mlaji.

Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likafunika mashamba na nyumba. Mwaka 2020 likapanda tena. Kwa watu hayo yalikuwa maafa. Lakini kwa ndege alaye majani ukingoni, ukingo ulihama tu, naye akahama nao.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lililetwa na jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya mpunga ya kumwagiliwa maji yalianzishwa Ahero, katika uwanda wa Kano, na Bunyala upande wa kaskazini. Maji machache, majani machanga, nafaka iliyodondoka: kwa bata bukini ilikuwa kama karamu. Mkulima hakufurahi, na hatuwezi kumlaumu, maana mche uliong'olewa ni chakula cha wanawe.

Lakini kuna walioona njia ya mkato. Huko Bunyala watu walitia karbofurani, dawa ya kuulia wadudu, katika konokono na mpunga, wakaokota ndege waliokufa, wakauza nyama. Mwaka 2009 kampuni iliyotengeneza dawa hiyo kwa jina la Furadan iliiondoa katika maduka ya Kenya, baada ya simba kuuawa nayo. Hata hivyo ndege wa Bunyala waliendelea kufa kwa sumu hiyo. Basi ukiuziwa ndege wa mwituni asiye na jeraha la jiwe wala alama ya mtego, mwulize muuzaji alikufaje.