Umeme ukirudi, huduma za seva zianze zenyewe

KUKATIKA kwa umeme ni jambo ambalo wafanyabiashara wa Kaloleni, jijini Arusha, wamelizoea. Mwaka 2006 ukame ulipopunguza maji katika Bwawa la Mtera, nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Aprili 1, 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa ilisababisha giza tena. Kwa mwenye seva, swali si umeme utarudi lini tu, bali pia huduma zipi zitaanza utakaporudi.

Katika mfumo wa FreeBSD, wa jamii ya Unix, ambao umetumika katika mafunzo ya AfNOG kwa wahandisi wa mitandao barani Afrika, skripti za huduma za nyongeza hukaa katika folda ya /usr/local/etc/rc.d, mbali na zile za mfumo wenyewe.

Hata hivyo, kusakinisha programu hakutoshi. Msimamizi hana budi kuiruhusu huduma katika faili la /etc/rc.conf. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, mstari unaohitajika ni postgresql_enable="YES". Bila mstari huo, amri ya start haiianzishi huduma. Amri ya onestart huianzisha, lakini kwa mara hiyo tu. Seva ikizimika na kuwaka tena, huduma hubaki imelala na mauzo ya asubuhi hukwama.

Jambo la pili ni utaratibu wa kutangulia. Zamani skripti hizo zilifuata alfabeti ya majina yake. Siku hizi kila skripti hutaja inachotoa katika mstari wa PROVIDE na inachohitaji katika mstari wa REQUIRE, kisha programu ya rcorder hupanga zamu. Hivyo, programu ya mauzo inayotegemea hifadhidata huanzishwa baada yake.

Kanuni hiyo ipo pia katika Linux yenye systemd, inayotumiwa na Debian tangu toleo la 8 la mwaka 2015: systemctl start ni ya sasa hivi, systemctl enable ni ya kila seva inapowaka.

Amri ya service -e huorodhesha huduma zilizoruhusiwa, si zinazofanya kazi. Kwa hiyo, jaribio la kuaminika ni kuiwasha upya seva kwa makusudi baada ya saa za kazi, kisha kukagua kila huduma kwa amri ya status.